Hamia Dar bila Kuaga

Kosa kubwa la kuhamia Dar es Salaam hufanyika kijijini, wiki moja kabla ya safari. Mtu anachinja mbuzi, anaita majirani, mchungaji anaomba, mjomba anatoa hotuba, vijana wanaimba mpaka usiku wa manane. Hapo hapo amejifungia mlango. Akirudi baada ya miezi minane, hata kwa sababu njema kabisa, kila aliyeonja ule mbuzi atamdai maelezo.

Kwa hiyo usiage. Hiyo ndiyo siri, na mengine yote ninayokuandikia yanatoka humo. Mimi nimetoka Iramba, mkoani Singida, zaidi ya kilomita 700 kwa barabara kutoka baharini, nikamleta mke na watoto watatu. Baada yetu wamekuja mashemeji, wapwa na watoto wa majirani, karibu wote wakianzia kulala sebuleni kwetu. Nimeona waliodumu, nimewasindikiza waliorudi. Ninachokupa ni ujanja tulioupata kwa kuumia, ukiwemo uongo mdogo mdogo, na nakupa kwa moyo mweupe. Mji wenyewe watu wameuita Bongo, kwa kuwa anayekaa humu hula kwa ubongo wake. Usione haya kuutumia wako.

Hatua ya kwanza: sema unakwenda kusalimia

Tafuta safari ya kweli uifanye kifuniko. Dada wa mkeo amejifungua Mbagala. Mtoto ana jicho linalotakiwa kuonwa na daktari bingwa. Sema hivyo, na ukifika nenda kweli ukamwone mzazi na mtoto wake, ili uongo wako uwe na miguu. Wiki mbili zitakuwa mwezi, mwezi utakuwa mitatu, na kijiji kitazoea chenyewe. Hakuna atakayeweza kutaja siku uliyohama. Na pasipo na siku ya kuhama, siku ya kushindwa itahesabiwa kuanzia wapi?

Shamba usiuze. Mara tu ikivuma kwamba unaonekana stendi mara kwa mara, atakuja mtu mpole, mwenye pesa taslimu na haraka. Mpe uji, muulize hali ya nyumbani kwake, msindikize hadi njiani. Shamba mwachie mdogo wako alime, akutolee gunia moja kila mavuno. Gunia hilo usilidharau. Si chakula tu: ni ushahidi, mbele ya kijiji kizima, kwamba shamba lina mwenyewe na mwenyewe yupo.

Nyumba nayo usiifunge kwa kufuli. Nyumba isiyopikiwa huliwa na mchwa. Mweke kijana wa ukoo alale humo, apike, moshi uonekane jioni. Jembe lako liache nyuma ya mlango, kuku waache kwa shangazi. Mtu akichungulia aone nyumba ya mtu aliyetoka kidogo.

Hatua ya pili: mwambie mkeo kila kitu

Dalali utamdanganya, kijiji utakifunika macho, mwenye nyumba utamzungusha. Mkeo mwambie ukweli wote kabla hajafunga kanga ya safari. Mwambie vyumba ni vingapi. Mwambie choo kinatumiwa na familia nne na bafu halina paa. Mwambie maji ni ya kununua kwa ndoo na hapatakuwa na hata tuta moja la mchicha.

Nasisitiza hili kwa sababu mimi nilikosea. Nilimwambia wangu tumepata vyumba viwili, na kilikuwa kimoja chenye pazia katikati. Alinyamaza siku nne. Ukimya ule haukuwa wa chumba. Alikuwa mwanamke aliyelima ekari tano, anayejulikana vijiji vitatu kwa mtama wake, na sasa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akitazama ukuta, hajui jina la mtu yeyote ng'ambo ya ukuta ule. Nilimkosesha nafasi ya kuchagua. Mwanaume anaweza kuhimili chumba kibovu kwa sababu anatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku. Chumba ni cha anayebaki ndani. Basi yeye ndiye akichague, hata kwa picha za simu, na neno lake la hapana liwe hapana.

Hatua ya tatu: tangulia peke yako, na utangulie Aprili

Watu wengi huja kutafuta nyumba Julai, baada ya kuuza alizeti, mji ukiwa mkavu na wenye upepo mzuri. Julai kila nyumba Dar ni nzuri. Wewe njoo wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, uione nyumba ikiwa imelowa.

Bonde la Msimbazi linapita katikati ya jiji, na kodi ya mabondeni ni rahisi kwa sababu moja tu. Desemba 2011 maji yaliua watu na kubomoa makazi, na waliohamishwa walipelekwa hadi Mabwepande, upande wa kaskazini. Tangu hapo maji yamerudi mara nyingi, na wapangaji wapya nao hurudi kila yakikauka. Dalali atakwambia, "Hapa bosi uko karibu kabisa na mjini." Anasema kweli. Wewe tazama ukuta: chini ya rangi mpya mstari wa tope hujitokeza kama doa la chai. Tazama soketi zimewekwa urefu gani. Tazama friji ya jirani. Ikiwa imepandishwa juu ya matofali manne, umeshapata jibu, aga uondoke.

Kisha fanya majaribio yangu mawili, ambayo hayana gharama. La kwanza, omba maji ya kunawa na kipande cha sabuni. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi. Sabuni isipotoa povu, ujue mkeo atafua kwa shida kila siku ya maisha yenu hapo na maji ya kunywa mtanunua kwingine. La pili, mtafute mtoto wa nyumba hiyo, mwenye umri wa miaka sita au saba, mpe pipi, muulize umeme ulikatika lini na nani aligombana na nani. Mtu mzima atakwambia mazuri ya nyumba. Mtoto atakwambia habari.

Kuhusu dalali mwenyewe: usiseme nyumba ni yako. Sema unamtafutia bosi wako, naye ni mgumu. Hapo utaweza kukataa nyumba kumi bila kumuudhi mtu, maana si wewe uliyekataa, ni bosi. Utaweza pia kushusha bei kwa huruma, "Mimi mwenyewe naona ni nzuri, ila bosi wangu unavyomjua." Hamjui, lakini atakubali kwa kichwa. Dalali hulipwa na mpangaji, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja, huku akimtetea mwenye nyumba. Kwa hiyo bosi wako wa kubuni anasawazisha mizani tu.

Mkiwa wawili, semeni Kinyiramba mnapojadili bei. Kwanza lakini mchungulie dalali usoni. Mji huu una watu wa kila kabila, na mdogo wangu alishawahi kusema kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, kwamba chumba ni kizuri na hela anayo, halafu dalali akamjibu kwa Kinyiramba safi cha Kiomboi.

Fedha usimpe dalali kamwe. Mpe mwenye nyumba, mkononi mwake, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mkataba umeandikwa na kugongwa muhuri. Ndugu yetu mmoja alilipa miezi sita barazani, chini ya mwembe, kwa mtu mwenye funguo. Siku ya kuhamia alikuta familia nyingine tatu mlangoni, kila moja na karatasi yake ya chumba kile kile, na mwenye funguo simu haipatikani. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili.

Miezi sita ndiyo desturi, wengine wanataka mwaka. Omba mitatu. Sema fedha nyingine imo ndani ya alizeti, ambayo itauzwa Julai, na uandike tarehe. Mwenye nyumba mwenye asili ya shamba, na ni wengi kuliko wanavyokiri, ataielewa lugha hiyo mara moja.

Hatua ya nne: mizigo

Lete kinu.

Utashauriwa vinginevyo. Watakwambia kinu ni ushamba, kinajaza nafasi, mjini watu wanasaga kwa mashine. Wewe lete kinu na mchi wake. Baada ya wiki moja jirani wa kwanza ataazima apate kutwangia kisamvu, kwa sababu kile cha kununua kimeshatwangwa na hajui kilitwangwa lini. Wiki ya pili wataazima wawili. Mwisho wa mwezi mlango wako ndio mlango unaobishwa hodi kuliko wote uani, na mkeo, aliyekuwa hajui jina la mtu, anajua majina yote, nani ana mgonjwa na nani anahama. Najua nyumba ambayo mwenye televisheni kubwa hakusalimiwa mwaka mzima, na mwenye kinu akachaguliwa kushika fedha za upatu.

Lete na mafuta ya alizeti, madumu mengi kadiri basi litakavyokubali. Treni ya umeme kutoka Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ni ya haraka na safi, lakini si ya mtu mwenye magunia. Hiyo utapanda siku ya kurudi kusalimia. Makochi acha. Kitanda utanunua kwa fundi wa mtaani. Makoti na mablanketi mazito gawa yote huko huko, isipokuwa moja la kumkumbusha mtoto baridi ya kwao.

Hatua ya tano: ingia mjini kama unayerudi

Fika mchana. Mabasi ya mikoani hushusha Mbezi Luis, kituo kilichoanza kazi mwaka 2021 badala ya Ubungo, na ukishuka utazungukwa na watu kumi wanaokujua kwa jina la "mzee" na "mshua". Usisimame kusoma mabango. Usihesabu watoto kwa sauti. Tembea kama uliyechelewa mahali.

Bei ya kirikuu au bajaji ipate kwa simu ukiwa bado ndani ya basi, kutoka kwa mwenyeji wako. Halafu mwambie dereva maneno mawili tu, "Kama jana." Atakutazama. Na wewe mtazame. Neno hilo limeniokolea fedha kuliko mshahara wowote ulivyonipa, na nimelirithisha kwa wapwa wote.

Na mkeo avae vizuri siku hiyo kuliko siku ya harusi ya mtu. Majirani wataiona familia yako kwa mara ya kwanza mara moja tu. Watatazama viatu vya watoto. Kama kuna fedha ya kununua kitu kimoja kabla ya safari, nunua viatu vya watoto.

Hatua ya sita: uwe na jina la kazi kabla ya kazi

Mji huu umekuwa ukiwauliza wageni swali moja tangu zamani. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, waliokamatwa Dar bila kazi inayotambulika walikusanywa na kurudishwa vijijini. Siku hizi hakuna lori linalokusubiri, lakini swali limebaki barazani: "Baba Neema, unashughulika na nini?"

Usijibu kwamba unatafuta. Anayetafuta huhurumiwa siku tatu na kuogopwa siku zote zinazofuata, maana wanaona anayekaribia kukopa. Sema, "Nina biashara ya mafuta kutoka Singida." Si uongo, madumu yapo chini ya kitanda. Mpe kila jirani chupa ndogo ya kuonja. Kisha uza kwa chupa.

Hapa ndipo aibu yako inapogeuka mtaji. Njiani kote ulikuwa unaogopa kuitwa mshamba, kuambiwa umekuja mjini na mbio za Mwenge. Lakini mtu wa Dar anaamini kwa moyo wote kwamba mtu wa Singida anajua kuku, anajua alizeti, anajua kitunguu kizuri kwa kukishika. Mwache aamini. Akikuomba umchagulie kuku wa kienyeji, shika kuku, mpulize manyoya, nyamaza kidogo, sema, "Huyu." Ndani ya miezi mitatu watakutuma kuwaletea. Sehemu kubwa ya kodi yetu ya mwaka wa kwanza ililipwa na manyoya yale.

Hatua ya saba: uani

Duka la mtaa ni kwa Mangi, hata kama mwenyewe si Mchagga. Kopa kwa Mangi kabla hujahitaji. Siku ya tatu chukua kibiriti na chumvi, sema umesahau pochi, na urudishe fedha jioni ile ile. Rudia wiki ijayo kwa sukari. Baada ya mwezi jina lako liko kwenye daftari lake kwa wino mzuri, na siku mtoto atakapoumwa usiku na mfukoni hamna kitu, daftari hilo litafunguka. Huu ni ujanja, ndiyo, lakini ni ujanja unaolipwa kwa uaminifu tupu.

Umeme wa LUKU ya pamoja umevunja urafiki mwingi kuliko mapenzi. Mwezi wa kwanza changa wewe kwanza, kabla hujaombwa, na uchange kidogo zaidi ya fungu lako. Utaonekana mtu mkubwa, na miezi sita inayofuata ukichelewa siku mbili hakuna atakayekata nyaya. Na usishangae ukinunua umeme ukakuta kiasi kimekatwa: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo. Mlipaji kisheria ni mwenye nyumba. Weka risiti zote kwenye bahasha, mpelekee mwisho wa mwaka kwa unyenyekevu, shikamoo mbele, uombe zipunguzwe kwenye kodi. Wengine hukubali.

Shikamoo, kwa kweli, ndiyo silaha yako kubwa. Watoto wa mjini wanapita na "mambo" zao. Mwanao akipiga goti dogo mbele ya mama mzazi wa mwenye nyumba kila asubuhi, kama alivyofundishwa nyumbani, mzee yule atamtetea hadi mbele ya mwanawe. Usiwaache watoto waipoteze tabia hiyo wakidhani ni ya kijijini.

Joto litawatesa. Watoto watatoka harara shingoni na mgongoni, watalia, mtadhani ni tetekuwanga. Waogesheni mara tatu kwa siku na muwaache vifua wazi. Mbu nao si wa usiku tu kama mliowazoea: wa dengue, ugonjwa uliolisumbua jiji vibaya mwaka 2019, huuma mchana na huzaliana kwenye maji masafi yaliyotuama. Mwageni ya kwenye makopo na matairi. Mtoto mwenye homa kali apelekwe kupimwa, si kupewa panadoli na kusubiriwa.

Hatua ya nane: shule na daladala

Hamisha mtoto likizo ya Juni, aanze Julai, au asubiri Januari. Usimtoe katikati ya muhula kwa sababu gari la bure limepatikana. Kabla ya kuondoka kapate barua ya mwalimu mkuu na namba yake ya PREM, ile ambayo kila mwanafunzi wa msingi anayo. Bila hiyo utatumwa kijijini kwa basi kufuata tarakimu. Shule za serikali hazitozi ada, ndiyo maana zimejaa. Mwandalie mtoto moyo: atatoka darasa ambalo mwalimu alijua jina la babu yake na kuingia darasa ambalo mwalimu hajui la kwake. Kwa wiki mbili za kwanza nenda naye hadi mlangoni, umsalimie mwalimu kwa jina. Mwalimu akikumbuka mzazi, humkumbuka na mtoto.

Asubuhi daladala haimtaki mwanafunzi, kwa sababu nauli yake ni ndogo. Konda ataziba mlango kwa mkono. Mfundishe mtoto kugeuza nalo: apande gari likiwa linakwenda mwisho wa njia, wakati liko tupu, akae, ligeuke naye. Analipa mara mbili na bado anawahi akiwa amekaa. Kama fedha haitoshi, asimame nyuma ya mama mmoja mnene mwenye mzigo na apande naye kama mwanawe. Wamama wa Dar wanaujua mchezo huu na hawajawahi kumkana mtoto mbele ya konda.

Hatua ya tisa: picha ya kutuma nyumbani

Watataka kujua mnaishi vipi. Jumapili wavishe watoto nguo za kanisani, waogeshe, wapake mafuta, wapeleke Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, bahari nyuma yao, upepo kwenye gauni. Hapalipiwi. Piga picha moja, mtumie bibi yao. Atalala usingizi aliokuwa hajalala tangu mwondoke, na picha itazunguka kijiji kizima kwa simu moja.

Lakini angalia kilichomo kwenye picha. Watoto wasafi, ndiyo. Bahari, ndiyo. Soda, kuku wa kukaanga, gari la mtu, hapana. Ukionyesha afya, watamshukuru Mungu. Ukionyesha mali, watapiga simu. Mpaka huo ulinde sana, si kwa kuwa ndugu ni wabaya. Wanaumwa kweli, wanazika kweli, na ukiwafanya waamini unacho, ukikosa watasema umebadilika. Tuma kidogo, tarehe ile ile kila mwezi, na siku zote weka na ya kutolea. Elfu tano yenye ya kutolea ina heshima kuliko elfu kumi inayomfanya mama yako akatwe ya kutolea kwa wakala.

Hatua ya kumi: mkopo

Watakuja akina dada wazuri wenye makaratasi na mihuri, mkopo wa dakika kumi, dhamana ni kitanda na televisheni. Mtaani unaitwa kausha damu. Sina ujanja wa kukupa hapa. Usichukue. Afadhali urudi nyumbani.

Hatua ya kumi na moja: kurudi nyumbani

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni moja na ziada wameongezeka katika miaka kumi, wengi kwa kuzaliwa, wengi kwa mabasi. Waliorudi makwao hawamo katika hesabu yoyote, nami nawajua wengi. Biashara ilikufa, mama mzee aliumwa, mtoto hakupona kikohozi, au tu mtu aliamka siku moja akagundua anafanya kazi kwa ajili ya kodi na nauli basi. Hao ni watu wazima wenye akili. Nimewasaidia kufunga mizigo na nitakusaidia na wewe.

Ila usirudi Agosti. Agosti kila mtu anakuona ukishuka, peke yako, na godoro juu ya basi. Vumilia, kula dagaa, ongea na mwenye nyumba kwa upole, na urudi Desemba pamoja na umati. Desemba wote wanarudi: walimu, makondakta, wasichana wa kazi, vijana wa Kariakoo wenye miwani. Stendi ya Kiomboi imejaa maboksi, hakuna anayekagua la nani lina nini. Wapelekee wazee sukari na majani ya chai, mpelekee mama kanga mbili, mpe mjomba shati. Cheka kwa sauti. Ukiulizwa habari za mjini sema joto kali.

Januari wenzako wataanza kuondoka mmoja mmoja. Mvua zitakuwa zimeshashika. Sema unamsaidia mdogo wako kupanda, kisha utafuata. Toa jembe nyuma ya mlango. Kuku wachukue kwa shangazi kidogo kidogo, wawili leo, watatu keshokutwa. Mtoto mwandikishe shule wiki ya kwanza, kwa namba yake ile ile ya PREM, na mwalimu mkuu wa kijijini si mtu wa maswali mengi. Mkeo atakuwa na marafiki wa Dar watakaompigia kuuliza mafuta na kuku. Hao asiwaache, wanunue hadi uzeeni.

Februari sema unasubiri palizi ya kwanza iishe. Ikifika Machi, mtama utakuwa umewafika kifuani. Jirani atapita njiani na baiskeli yake, akuone katikati ya mistari, shati limelowa, na watoto wanafukuza ndege upande wa pili. Atapunguza mwendo, aseme, "Baba Neema, pole na kazi," nawe utajibu, "Nimeshapoa," naye atakanyaga pedali aende zake.